Faragha Si Ukiwa

 

Nduguzangu Waislamu, tulipokhitimisha mlango wa adabu za majilisi katika darsa yetu, msikilizaji mmoja aliuliza: "Tumezijua adabu za mtu anapokaa na wenziwe, je, akiwa peke yake?" Swali hili wanavyuoni wamelizungumza tangu zamani. Imamu Ghazali katika Ihya Ulumiddin aliliwekea kitabu chake mbali, akahisabu faida za kujitenga na watu, akahisabu na madhara yake, wala hakutoa hukumu moja kwa watu wote, bali aliona kuwa jambo hili labadilika kwa kubadilika mtu na hali yake. Lakini wale aliokuwa akiwaandikia Imamu ni watu wazima waliochagua wenyewe kujitenga. Mimi leo nataka kuwazungumza waliotengwa pasina kuulizwa, nao ni wadogo: vijana wetu wa miaka 13 hadi 18 katika siku za ugonjwa wa korona.

Najua wako watakaosema kuwa khabari ya korona imekwisha, kwamba amri ya kutotoka usiku iliondolewa tangu tarehe 20 Oktoba 2021, na kwamba watu wamesahau. Hawakusahau. Aliyekuwa na miaka 14 mwaka 2020, leo ni mtu mzima mwenye kitambulisho chake mfukoni, na mwengine ana mke au ana mume. Na mambo aliyojifunza akiwa peke yake katika miezi ile ndiyo anayotembea nayo. Wakati ule hatukumuuliza kitu, na mpaka leo hatujamuuliza.

Jambo hili lilinijia waziwazi nilipoalikwa kusomesha siku chache pande za ziwa, Migori na Homa Bay, ambako kutoka Mombasa ni mwendo wa zaidi ya kilomita 800. Huko Waislamu ni wachache, na mtu wa Mombasa au wa Lamu hawezi kuufahamu uchache huo mpaka auone kwa macho yake. Sisi hapa mtu akikosa jamaa ya msikiti huu huiwahi ya msikiti wa pili kwa hatua mia. Huko kijana wa Kiislamu aweza kuwa Muislamu peke yake darasani, na peke yake mtaani, na wakati mwengine peke yake nyumbani, kwa kuwa mama yake ni Mkristo na baba yake hayupo. Kendu Bay pana Msikiti wa Tawakal, nao ni katika misikiti ya kale ya pande zile; Homa Bay mjini pana misikiti, na Migori mjini kadhalika. Lakini atokaye Mbita, au Sori, au Muhuru Bay penye mpaka wa Tanzania, au visiwa vya Rusinga na Mfangano, huenda asimwone mwenziwe wa dini illa siku ya Ijumaa, au siku aendapo madrasa. Basi huko kufungwa kwa msikiti si sawa na kufungwa kwa msikiti kwetu. Sisi tulikosa jamaa. Wao walikosa watu.

Tukumbuke mambo yalivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza hapa Kenya alitangazwa Ijumaa, tarehe 13 Machi 2020. Jumapili yake, tarehe 15, ikatoka amri ya kufunga shule zote. Baada ya siku chache misikiti nayo ikafungwa, na madrasa pamoja nayo, na tarehe 27 Machi ikaanza amri ya kutotoka usiku, tangu saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Ramadhani ya mwaka 1441 ikatukuta hali hiyo. Tarehe 7 Julai Waziri wa Elimu akatangaza kuwa mwaka ule wa masomo umefutwa. Wanafunzi wa gredi ya nne, wa darasa la nane na wa kidato cha nne walirejea tarehe 12 Oktoba. Waliosalia hawakurejea mpaka tarehe 4 Januari 2021. Hisabu mwenyewe: msichana wa kidato cha kwanza alikaa nyumbani zaidi ya miezi tisa. Na watu wa Migori na Homa Bay walipodhani wamepumua, mwezi wa Juni 2021 wilaya zao zikatiwa katika kaunti 13 za magharibi na za ziwa ambazo watu wake waliamrishwa wawe ndani tangu saa moja jioni, wakati wenzao wa sehemu nyengine walikuwa wakitoka mpaka saa nne.

Mimi silaumu kufunga. Kujizuia na maradhi ya kuambukiza ni jambo la dini yetu kabla halijawa la serikali yoyote. Sayyidna Umar (R.A.) alipofika Sargh, akiwa njiani kwenda Sham, akapata khabari ya tauni, alishauriana na watu kisha akarudi, na Abdurrahman bin Auf akaja akamwambia alivyomsikia Mtume (S.A.W.) akikataza watu wasiingie katika nchi yenye tauni, wala walio ndani yake wasitoke kwa kuikimbia. Na wale waliosema wakati ule ati kufunga misikiti ni udhaifu wa imani, walikuwa wakisema wasiyoyajua. (Kwetu mtu akifikwa na balaa, huona bora kukimbilia Halbadiri kuliko kuosha mikono. Hayo tumeyasema mara nyingi, na leo siyo shabaha yetu.)

Ninalolaumu ni jengine. Tuliwafungia watoto mlango, tukadhani kazi imekwisha.

Tazama maneno tuliyokuwa tukiambiana. Mzazi akiulizwa khabari za mwanawe hujibu: "Alhamdulillahi, yuko ndani." Yaani akiwa ndani basi yuko salama, na akiwa kimya basi hana neno. Lugha yetu imetupa maneno mawili ambayo sisi wenyewe twayachanganya. Iko faragha, na uko ukiwa. Faragha ni kukaa peke yako hali ya kuwa wajua kuna mtu nje ya mlango akujuaye, na ukitaka utatoka umkute. Ukiwa ni kukaa peke yako na nje ya mlango hakuna mtu, ijapokuwa nyumba imejaa. Anayetazama kutoka mbali huyaona mambo haya mawili kuwa ni sura moja, kijana amekaa chumbani; lakini hukumu zake na matunda yake yako mbalimbali kama mbingu na ardhi.

Faragha dini yetu yaisifu. Katika watu saba ambao Mtume (S.A.W.) ametueleza kuwa Mwenyezi Mungu atawatia katika kivuli chake siku ambayo hapana kivuli illa chake, mmoja ni kijana aliyekulia katika ibada, na mwengine ni mtu aliyemtaja Mola wake akiwa peke yake, macho yake yakabubujika machozi. Naye Mtume mwenyewe, kabla ya kujiwa na wahyi, alikuwa akijitenga katika pango la Hira siku nyingi. Lakini hapa husahau watu jambo kubwa. Alikuwa akienda Hira na chakula, kikimalizika hurejea kwa Bibi Khadija (R.A.A.) akachukua chengine. Na siku ile alipojiwa na jambo zito, akateremka mlimani akitetemeka, alikwenda wapi? Alikwenda kwa Khadija. Naye hakumwambia, "Ndiyo hayo ya kukaa peke yako mapangoni." Alimfunika nguo mpaka khofu ikamtoka, akamsikiliza, akamtuliza kwa kumtajia mema yake, kisha akamchukua kwa Waraqa bin Naufal, mtu aliyekuwa na elimu ya mambo yale. Pango la Hira lilikuwa na nyumba nyuma yake. Mtoto wetu tulimpa pango, hatukumpa nyumba.

Huko Migori nilikaa baada ya sala ya Isha na vijana sita au saba, ambao siku zile walikuwa na miaka 13, 14, 15. Nikawauliza walivyokaa. Kwanza walicheka, kisha wakanyamaza, kisha mmoja akaanza, na tulipoondoka ilikuwa saa tano ya usiku. Nami nitataja machache bila ya kumtaja mtu.

Mmoja alisema kuwa miezi ile ndiyo iliyo bora katika umri wake. Mjomba wake alikuwa akija kila siku baada ya Alasiri, asiingie ndani kwa kuchelea maradhi, akasimama dirishani kwa nje na msahafu wake, na kijana ndani akamsomea aliyoyahifadhi usiku wa jana. Siku ambayo hakuhifadhi kitu, mjomba hakumgombeza. Alimpa khabari za mjini, kisha akaenda zake. Kijana akaniambia: "Sheikh, mchana kutwa nilikuwa peke yangu, lakini nalikuwa najua Alasiri itafika." Nami nasema hii ndiyo faragha. Juzuu alizozihifadhi ni nne, nazo si kitu kidogo.

Wa pili, nyumba yao ina watu tisa na vyumba viwili. Asema hakupata hata dakika moja ya kuwa peke yake, na hajapata kuwa mpweke kama siku zile. Simu ilikuwa ni moja, ya kaka yake, na usiku walipolala watu alikuwa akiichukua akiangalia mambo ambayo leo ayaonea haya, mpaka alfajiri. Hapana aliyemuuliza kwa nini macho ni mekundu. Wazee wake walikuwa na hamu ya unga, na mwenye hamu ya unga hatazami macho ya mtu.

Wa tatu alitoka Nyatike, pande za Macalder, kwenye machimbo ya dhahabu. Shule ilipofungwa alikaa wiki tatu akisikiliza masomo ya redioni. Betri zilipokwisha hapana aliyenunua nyengine. Basi akawafuata wachimbaji wadogo, akawa ashuka mashimoni. Mtoto wa miaka 14! Akasema kuwa chini mule ni giza na kimya, na ndiko alikozoea kuzungumza na nafsi yake. Jioni alikuwa akirudi na fedha kidogo akimpa bibi yake, na bibi akipokea.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo, nduguzangu, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno. Mwenyezi Mungu ametupa katika Kurani kisa cha msichana aliyekaa peke yake, naye ni Bibi Maryamu. Aliwekwa katika mihrabu, na mlezi wake alikuwa ni Nabii Zakariya (A.S.). Wasimulizi wetu wakikihadithia kisa hiki hupendezwa na ile riziki iliyokuwa ikimfikia bila ya mkono wa mtu, wakalipita jambo la Zakariya. Kurani yatuambia kwamba kila alipomwingilia katika mihrabu alikuta kwake riziki, naye akamuuliza imemtokea wapi. Zingatia: kila alipoingia. Maana yake alikuwa akiingia mara kwa mara, hakumfungia mlango akaenda zake. Tena alipoingia aliona. Hakupita kama kipofu. Tena alipoona aliuliza. Na alipojibiwa alilisadiki jawabu, hakumtuhumu. Huyo ni Nabii, na aliyekuwa akiangaliwa ni Maryamu aliyetakaswa, katika nyumba ya ibada! Na juu ya hayo mlezi hakuona kuwa utakatifu wa mahali wamtosha mtoto, bali aliingia akauliza.

Sasa turudi ziwani. Watu wa Homa Bay wanalo neno, jaboya, nalo ni yule mvuvi anayempa mwanamke samaki wa kuuza si kwa fedha peke yake bali kwa mwili wake. Jambo hili ni la zamani katika fuo za ziwa, limeandikwa na kusemwa sana, na kina mama wengi wa huko wamelipiga vita, wengine wakajinunulia mashua zao wenyewe wasalimike nalo. Lakini mwaka 2020, fedha zilipokauka na shule zimefungwa, wako wasichana wadogo waliotumwa ufuoni na beseni, wakarudi na omena au na mbuta, na nyumbani wakala watu wakashiba. Ni nani aliyeuliza swali la Zakariya? Samaki huyu umemtoa wapi, mwanangu? Simu hii je? Fedha hizi za bibi zimetoka shimo gani? Hapana aliyeuliza, kwa sababu jawabu lingetulazimisha kufanya jambo, na kula ni rahisi kuliko kuuliza. Kisha tumbo la msichana likaonekana, na hapo sasa kila mtu akawa na maswali.

Nisije nikasema nisilolijua. Mimba za watoto Homa Bay hazikuzuliwa na korona. Hesabu ya serikali ya mwaka 2014 ilionyesha kuwa katika wasichana wa huko wa miaka 15 hadi 19, thuluthi moja walikwisha zaa au walikuwa na mimba. Hesabu ya mwaka 2022 ikaonyesha asilimia 23, na Migori kadhalika asilimia 23, ilhali kwa nchi nzima ni 15. Kwa hivyo watu wa huko wamejitahidi na idadi imeshuka, nao wastahiki kusifiwa kwa hilo. Lakini ng'ambo ya ghuba, katika kaunti ya Siaya, wataalamu waliwafuatia wasichana wa sekondari waliokutwa na kufungwa kwa shule, wakawapima na wenzao waliowatangulia. Na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalisema kuwa waliokaa nyumbani khatari yao ya kushika mimba kabla ya kumaliza shule ilikuwa mara mbili, na ya kuacha masomo mara tatu. Wasichana ni wale wale, na ziwa ni lile lile. Kilichozidi ni miezi ya kukaa bila ya mtu wa kuwauliza.

Wala asicheke mtu wa pwani akasema, "Hao ni watu wa bara, sisi tuna sitara zetu." Mombasa ilifungwa asiingie mtu wala asitoke tangu tarehe 8 Aprili mpaka tarehe 7 Julai 2020, na Mji wa Kale ukazungushiwa vizuizi mbali tangu tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhani, kwa muda wa mwezi. Nyumba zetu zilikuwa na watu ghorofa juu ya ghorofa. Je, wewe uliyekuwa ukikaa na mwanao futari moja, sahani moja, waweza kuniambia alikuwa akiogopa nini siku zile? Alikuwa akiogopa kufa? Alikuwa akiogopa kuwa atakuambukiza wewe ufe? Vijana wengi walikuwa na khofu hii ya pili, nami sikuijua mpaka niliposikia kwa vijana wa Homa Bay, ambao wengi wao wamelelewa na bibi zao kwa kuwa wazazi walichukuliwa na ukimwi. Msichana mmoja aliniambia mbele ya mama mlezi wake kwamba alikuwa akilala jikoni ili pumzi yake isimfikie bibi. Bibi alidhani mtoto amekuwa mkaidi, hataki kulala na watu. Mwezi mzima wakaudhiana, kila mmoja akimpenda mwenziwe, na neno moja lingalimaliza mambo.

Misikiti ilipofunguliwa mwezi wa Julai, sharti zilikuwa watu wasizidi 100, wakae saa moja tu, na asiingie mwenye miaka chini ya 13 wala aliyezidi 58. Basi kijana wa miaka 15 aliruhusiwa, na babu aliyezoea kumshika mkono hakuruhusiwa. Wako walioacha kwenda msikitini hapo, wala mpaka leo hawajarudi, nasi twawaita wapotevu.

Na hapa chanijia kisa cha Kaab bin Malik (R.A.), ambacho vijana wa Migori walikipenda kuliko vyote nilivyowasomesha. Kaab na wenziwe wawili walibaki nyuma katika vita vya Tabuk bila ya udhuru, na Mtume (S.A.W.) akaamrisha watu wasiseme nao. Siku khamsini! Wenziwe, Murara na Hilal, walikaa majumbani mwao wakilia. Kaab ndiye aliyekuwa mdogo wa umri katika watatu hao, naye hakuweza kukaa ndani. Alikuwa akitoka, akisali na watu, akipita sokoni, na hapana mtu amwambiaye neno. Aliupanda ukuta wa bustani ya binamu yake Abu Qatada, aliyekuwa kipenzi chake, akamsalimu, asirudishiwe salamu. Mwenyezi Mungu akaisifu hali yao katika Kurani kuwa ardhi, pamoja na upana wake, iliwadhikia, na nafsi zao zikawadhikia. Sijui maneno ya mwanadamu yatakayoueleza upweke zaidi ya haya, kwamba mtu hata nafsi yake imekuwa ni chumba kidogo.

Na katika dhiki ile alijiwa na nini? Alijiwa na barua. Mfalme wa Ghassan alisikia kwamba Kaab ametengwa na watu wake, akamwandikia kumwita aende kwake, atamliwaza. Kaab akajua kuwa huu ni mtihani mwengine, akaitia barua tanurini. Nduguzangu, wafalme wa Ghassan hawajesha. Kijana akikaa peke yake katika ukiwa, barua humfikia, na leo haihitaji mjumbe wala ngamia. Humfikia kiganjani usiku wa manane. Yumo anayemwita kwenye kamari, yumo anayemwita kwenye uchafu, yumo amwitaye kwenye vita visivyo vyake akimwambia kuwa hiyo ndiyo dini. Wote hao maneno yao ya kwanza ni mamoja: tumesikia watu wako wamekutupa, njoo kwetu. Kaab aliweza kuichoma barua kwa kuwa nyuma yake palikuwa na miaka ya kukaa na Mtume. Mtoto wa miaka 14 ataichoma kwa moto gani?

Kisha usiku wa khamsini toba yao ikakubaliwa. Watu wakatoka mbio kumbashiria, na Kaab akaenda msikitini. Akainuka Talha bin Ubaidillahi peke yake katika Muhajirina, akamwendea mbio, akampa mkono, akampongeza. Na Kaab katika umri wake wote hakumsahau Talha kwa jambo hilo. Huyu ni mtu aliyekosa, aliyeadhibiwa kwa kosa lake, na aliporudi aliinukiwa. Watoto wetu hawakukosa lolote. Walitengwa kwa maradhi, tarehe 4 Januari 2021 wakarudi mashuleni, na baadaye madrasani: nani aliwainukia? Tuliwauliza kwa nini wamesahau jadwali ya kuzidisha na hukumu za tajwidi. Na wale wasichana waliorudi na watoto migongoni, au wasioweza kurudi, tuliwainukia kwa namna nyengine, ambayo wanaijua. Sheria ya Kenya yamruhusu msichana aliyezaa kurudi shuleni. Madrasa zetu ngapi zina ruhusa hiyo? Na yule mwanamume aliyemharibu, ambaye sharia ya Mwenyezi Mungu yamhisabu kama yeye au zaidi ya yeye kwa kuwa yeye ni mzima na yule ni mtoto, mara nyingine tulimkuta safu ya mbele, na tukampisha.

Wako wataalamu wa Uingereza waliowauliza watu zaidi ya 2,000 katika siku za korona, vijana wa miaka 13 hadi 16 miongoni mwao, kuwa kukaa peke yao kuliwapa nini. Na wengi wa vijana walitaja mema, kwamba walijifunza kazi za mikono, walijijua nafsi zao, walipata utulivu. Nimelitaja hili ili mtu asitoke katika maneno yangu akaenda kumvunjia mwanawe mlango kwa kudhani kuwa kila kukaa peke yake ni mashetani. Kijana ahitaji faragha kama anavyohitaji usingizi. Mjomba wa Migori alimhifadhisha mwana wa dada yake juzuu nne bila ya kukivuka kizingiti.

Mzazi mmoja wa Homa Bay aliniuliza swali hili hili: "Basi nifanye nini, sheikh? Nikimwacha, nimemtupa, nikimwingilia, nimemdhulumu." Nikamjibu kwa Suratun Nur. Humo Mwenyezi Mungu amewaamrisha watoto wasiobaleghe waombe idhini kabla ya kuwaingilia wakubwa katika nyakati tatu, kabla ya sala ya alfajiri, na wakati wa adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya sala ya Isha. Na wakibaleghe waombe idhini nyakati zote. Basi dini hii imeijua faragha kabla ya wataalamu wote. Na ikiwa mtoto aliyebaleghe amewajibishwa kutubishia hodi sisi, yeye naye hana haki ya kubishiwa? Abishe hodi mzazi. Asiingie na bakora wala asiingie na mashtaka. Aingie kama alivyoingia Zakariya, na swali moja, na awe tayari kulisikia jawabu lake. Na tumefundishwa kuwa idhini ni mara tatu. Asipoitikiwa mara ya tatu arudi zake bila ya kukasirika. Kisha baada ya sala aende tena.